Propela au Jeti: Safari ya Kutoka Sironga Kuulizia Mafuta

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya swali moja nililouliza mkutanoni, na watu wakalicheka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wilaya yetu ya Nyamira ikiwa bado changa. Mvua zilikuwa zimeila barabara ya Nairobi, na wafanyabiashara wa mji wa Kisii walikuwa wameunda kamati ya kuleta ndege ya abiria kwenye kiwanja cha nyasi cha Suneka. Siku ya mkutano alikuja mjumbe wa kampuni fulani ya Nairobi, bwana mwenye tai nyekundu, akiwa na picha za jeti nyeupe. Picha zikapita mkono kwa mkono. Akasema jeti italetwa, mradi tu kiwanja kirefushwe na kutiwa lami. Watu wakapiga makofi. Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Sironga. Niliinua mkono nikauliza: "Kwa safari fupi kama hii yetu, jeti itakunywa mafuta kiasi gani? Na ndege ya propela ingekunywa kiasi gani?"

"Mwalimu anataka turushwe na feni!" mtu mmoja alisema kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lazima niseme hapa, kama nilivyosema siku ile, kwamba swali langu halikuwa la fizikia tupu. Kiwanja cha Suneka kinapoishia ndipo shamba la mama yangu linapoanzia. Pale kuna migomba yake, na pale ndipo tulipomzika baba. Mpimaji alikuwa amekwisha kupiga vigingi katikati ya migomba hiyo. Kiwanja kikirefushwa, mama na majirani zake wangehama.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alizaliwa Kisii, na akibishana bei na wateja kwa Ekegusii, lugha yetu, huwezi kujua kama ni Mhindi mpaka ugeuke umtazame. Yeye hakucheka. "Swali ni zuri," alisema. "Kampuni ikishindwa na mafuta itaondoka, na sisi tutabaki na lami isiyo na ndege. Lakini Mwalimu Moraa, wewe una shamba pale. Ukituletea jibu peke yako, nani ataliamini?"

Nilijibu kwamba nipewe shahidi, tena awe mtu anayeitaka jeti kuliko wote. Macho yote yakamwendea Mzee Ombati, mkulima wa majani chai wa Magwagwa na mzee wa kanisa la Wasabato, ambaye makofi yake ndiyo yaliyodumu kuliko ya wengine. Akasimama taratibu, akaweka kofia yake kifuani.

"Nitaenda," alisema. "Ili huyu mwalimu asituletee hadithi."

Ikakubaliwa kwamba kamati itatulipia nauli, tupande ndege za aina zote mbili kwenye njia moja, tuwaulize marubani wenyewe, kisha turudi tuseme tulichoona.

Jumatano alfajiri niliondoka Sironga kukiwa na ukungu hata mbele hapaonekani. Ulipoinuka niliiona milima ya Manga imesimama kulia kwangu, mashamba yamening'inia ubavuni mwake kama nguo zilizoanikwa, na wanawake wakishuka kwa vijia na vikapu vya chai mgongoni. Kisii nilimkuta Bwana Jayanti ameshawasha pikapu yake, maana alikuwa akienda Kisumu kuchukua mabati. Mzee Ombati alikuwa amekaa mbele tayari, amevaa suti ya kanisani, Biblia mapajani.

"Bwakire buya, mzee," nilimsalimu.

"Bwakire buya, mwalimu. Ingia. Tumekuachia nafasi ya katikati, wewe si mnene."

Tulipoteremka Oyugis joto lilianza kutupiga. Mzee Ombati akaniuliza bila kunitazama, "Na jeti ikishinda, utasema?"

"Nitasema."

"Na shamba la mama yako?"

Nilikuwa nimelala na swali hilo tangu siku ya mkutano. Nikamwambia kwamba nikificha jibu nitakuwa nimemhamisha mtu mwingine mahali pengine kwa uongo wangu, na kwamba wasichana wangu huko Sironga nawafundisha kuandika wanachokiona kwenye mizani, si wanachotaka kukiona. Bwana Jayanti alicheka kidogo, akabadilisha gia. Mzee Ombati hakucheka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeandikiana mkataba na mwenzake.

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kandoni mwa ziwa, na siku ile ulikuwa mtulivu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Ndege iliyotungoja ilikuwa ya propela, mabawa yake juu ya mwili, na kila bawa limebeba injini moja yenye mapanga marefu meusi. Mzee Ombati aliizunguka kwa macho na kuonekana kukata tamaa.

"Kwa hiyo hii ndiyo feni yako."

"Hii ndiyo, mzee."

Ndani alifunga mkanda, akafunga macho, akaomba kwa Ekegusii kwa sauti ya kusikika hadi viti vya mbele. Abiria wawili wakaitikia amina. Mapanga yalianza kuzunguka polepole, yakageuka kuwa ukungu wa mviringo, ndege ikatetemeka, na kabla hatujajiandaa vizuri tukawa juu ya maji. Nilishangaa jinsi ilivyotumia sehemu ndogo tu ya njia ile ya lami. Mbele yetu ilibaki lami tele ambayo haikuguswa. Nilimgusa mzee mkono nikamwonyesha. "Nimeona," alisema kwa ufupi, ingawa macho alikuwa ameyafumba.

Baada ya mashamba ya mpunga ya Kano kupita chini yetu na chai ya Kericho kuanza kuonekana, nilimwomba mhudumu atupeleke kwa marubani. Miaka ile mlango wao haukuwa wa kufungwa kwa abiria. Rubani mkuu, ambaye kwa lafudhi yake tulijua ni mtu wa pwani, alitukaribisha kana kwamba tumeingia sebuleni kwake.

"Karibuni, karibuni. Mzee, shikamoo. Inamisha kichwa, usije ukajigonga."

Nilimweleza tulichotumwa. Akafurahi kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Akatuonyesha saa mbili ndogo, moja kwa kila injini, zenye mishale iliyokuwa ikionyesha mafuta yanavyokwenda. Akatueleza mshale ulivyokuwa tulipokuwa tunapaa, na jinsi ulivyokuwa umeshuka sasa. Nikaandika. Akatuambia pia kiasi tulichoondoka nacho, na akaahidi kutuambia kitakachobaki tukitua.

"Hapa tulipo si juu sana," alisema. "Ndiyo maana tunarushwarushwa na mawingu. Jeti ingekuwa juu ya haya yote. Lakini ndege hii haihitaji kwenda huko kutafuta nafuu. Nafuu yake iko hapahapa."

"Mafuta gani haya? Petroli?" Mzee Ombati aliuliza.

"La, mzee wangu. Ni jamaa ya mafuta ya taa. Na jeti inakunywa hayohayo. Moto ulio ndani ya injini hizi ni ule ule wa jeti. Tofauti ni kazi inayopewa."

Nilimwona mzee akiyaweka maneno hayo mahali fulani kichwani. Aliporudi kitini alisema tu, "Inatetemeka kama posho mill ikisaga mahindi." Kisha tukaingia katika wingu juu ya milima ya Mau, likaturusharusha mpaka Bonde la Ufa lilipofunguka chini yetu, kahawia na pana. Akasahau kuogopa, akabaki na paji la uso dirishani hadi Nairobi.

Nairobi tulifikia kwa mpwa wake huko Eastlands, na siku iliyofuata tulirudi uwanjani kumwona Wairimu. Wairimu tulisoma naye chuo kikuu. Mimi nikaenda kufundisha, yeye akaajiriwa na kampuni moja ya ndege kupanga mafuta ya kila safari. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ndege zikijazwa. Alitukalisha, akaagiza chai, akamsikiliza mzee kwanza.

"Mimi sielewi jambo moja," mzee alisema. "Kama moto ni ule ule na mafuta ni yale yale, kwa nini moja inywe zaidi?"

Wairimu alianza na maneno ya kitabuni, na niliona mzee anapotea. Nikaomba niseme mimi.

"Mzee, ukitaka jiko la makaa lishike moto, unafanya nini?"

"Napepea na kipande cha katoni."

"Na kama huna katoni?"

"Napuliza kwa mdomo. Lakini kichwa kitazunguka."

"Kwa nini kizunguke, na jiko ni lile lile?"

Akafikiri. "Mdomo ni mdogo. Unapuliza kwa nguvu nyingi, hewa kidogo."

"Na katoni?"

"Inasukuma hewa nyingi polepole." Akanitazama, akamtazama Wairimu. "Propela ni katoni."

"Propela ni katoni," Wairimu alikubali huku akicheka. "Na zile jeti zetu za safari fupi zinapuliza zaidi kwa mdomo. Ila msiidharau jeti. Kule juu sana hewa ni nyepesi, haiizuii, inakwenda kasi na inakuwa na nafuu yake. Ukienda London, jeti ndiyo ndege. Tatizo ni Kisumu. Inachoma mafuta mengi kupanda hadi kule juu, na ikifika tu, inatakiwa ianze kushuka. Ile nafuu haipati muda wa kuifaidi."

Mzee Ombati hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Lakini jeti inabeba watu wengi. Gawanya mafuta kwa watu."

Nilifurahi kwamba ameuliza yeye. Wairimu akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa: hesabu kwa kila kiti. Hata hivyo, alisema, kwa safari fupi propela bado inatangulia kwa umbali unaoonekana. Jeti ikijaa kabisa inapunguza tofauti, lakini haiimalizi. Ikienda na viti vitupu, mambo yanakuwa mabaya zaidi. "Je, Kisii mtaijaza jeti kila siku?" aliuliza. Mzee akanywa chai yake.

Nilimwomba Wairimu aniambie pia yale ambayo yangeiumiza hoja yangu. Alinihesabia bila kunionea huruma: jeti ni tulivu zaidi, abiria wanaipenda, inafika mapema, na propela ikipata upepo mkali wa mbele inachelewa zaidi. Niliyaandika yote chini ya mstari, na nikampa mzee asome kwamba nimeyaandika. Alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata.

Ijumaa mchana ndipo tulipopangiwa jeti. Tangu Alhamisi ile ndege ya propela ilikuwa karakana kwa matengenezo yaliyopangwa, na kampuni ilikuwa ikituma jeti Kisumu badala yake; bahati hiyo ndiyo iliyokuwa imetufanya tuchague siku hizo. Tatizo likawa kuchelewa. Tulingoja abiria waongezeke, kisha tukangoja gari la mafuta. Mzee Ombati aliketi akitazama jua kupitia kioo. Sabato ingeanza likizama, na yeye hakuwa amewahi kuwa safarini Sabato ikimkuta.

"Sasa unaona kwa nini nataka ndege yenye kasi," aliniambia.

Jeti iliponguruma na kukimbia, mgongo wake ulibandikwa kwenye kiti, na uso wake ukachanua. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Haikutetemeka. Chai haikucheza kikombeni. Mawingu yalibaki chini kama pamba iliyotandazwa, na juu yetu mbingu ilikuwa ya buluu nzito. "Mbuya mono," nzuri sana, alisema tena na tena. "Mbuya mono." Nami kwa kweli niliipenda. Nilikaa pale nikijua kwamba naipenda ndege ambayo ingefukua kaburi la baba yangu, na nikajilazimisha kusimama kwenda kwa rubani.

Rubani wa siku hiyo alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito. "Semeni haraka," alisema, "maana ndiyo kwanza nimemaliza kupanda, na sasa hivi naanza kushuka."

Mzee Ombati alinitazama. Hakuna aliyekuwa amemwambia rubani huyu maneno ya Wairimu.

Alitusomea saa zake, tukaandika, tukarudi vitini. Muda mfupi baadaye ndege ilianza kuinama kuelekea ziwani, na hapo tukaona kilichotungoja. Mvua ya alasiri ilikuwa imesimama juu ya Kisumu kama ukuta wa kijivu, radi zikiwaka ndani yake. Tukageuka, tukaanza kuzunguka chini chini juu ya maji. Sauti ya rubani ikaja: tungengoja mvua isogee, lakini hatungeweza kungoja sana; isiposogea, tungerudi Nairobi.

"Kwa nini tusingoje?" mzee aliuliza.

"Mafuta," nilisema.

"Si imejazwa tumeona?"

"Ameyapima ya kuja, ya kungoja kidogo na ya kurudi. Akiyamaliza hapa, hatakuwa na ya kurudi."

Tulizunguka tena. Mama mmoja nyuma yetu alianza kulia taratibu. Mzee Ombati hakuomba kwa sauti safari hii. Alishika mikono ya kiti na kutazama bawa. Mimi nilijisikia nikitamani kwa nguvu zote tutue, na wakati huohuo kichwani mwangu mwalimu wa fizikia akisema: andika hili pia. Kisha ukuta ule wa mvua ukapasuka upande wa bandari, mwanga ukapita, ndege ikainama na kutua kwa kishindo. Breki zikalia, na ikaila njia yote ile ambayo propela iliiacha bila kuigusa.

Chini ya ngazi tulimngoja rubani. Alikuwa amevua kofia, jasho usoni.

"Huku chini injini hizi zinakunywa kwa pupa," alituambia. "Hazikutengenezewa kuzungukazunguka juu ya ziwa. Ningekuwa na ile ya propela ningengoja muda mrefu zaidi bila moyo kunidunda. Niandikieni hivyo. Lakini mseme pia kwamba nimewafikisha."

"Tutasema, mama," mzee alimjibu. "Mungu akubariki."

Sabato yote tulikaa Kisumu kwa familia moja ya Wasabato ambao mzee aliwajua kwa kanisa. Nilijaribu kuyazungumzia tuliyoyaona, akainua kiganja. "Leo si siku ya injini." Tukaenda kanisani, tukala wali na maharagwe yaliyopikwa jana yake, tukalala mchana.

Jumapili Bwana Jayanti alikuja kutuchukua na pikapu ileile. Tulikuwa tumepita Ahero mzee alipoanza kusema mwenyewe. Hakuelekeza maneno kwangu wala kwa Jayanti. Aliyaelekeza kwenye kioo cha mbele.

"Mke wangu alikufa Narok. Tulikuwa tunampeleka hospitali Nairobi. Gari lilikwama kwenye matope, tukasukuma, likakwama tena. Nilipoona ile picha ya jeti mkutanoni, sikuona ndege. Niliona kasi."

Bwana Jayanti alipunguza mwendo, ingawa barabara pale ilikuwa nzuri.

"Mwalimu," mzee aliendelea, "wewe uliandika muda wa ndege zote mbili angani. Ukitoa ule wa kuzunguka, jeti ilitangulia kwa kiasi gani?"

"Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, mzee. Basi."

"Kwa hiyo kwa ile ya mapanga, angefika?"

Nilitamani kumpa jibu la kumfariji, lakini nikakumbuka tulivyoandikiana mkataba kimyakimya Oyugis. Nikapima maneno. "Sijui ugonjwa wake ungesemaje, mzee. Ninachojua ni kwamba Nairobi angefika. Na ile ya mapanga ingeweza kuja kumchukua Suneka kama palivyo sasa, bila kungoja lami."

Aligeuza uso dirishani. Mpaka tunapanda vilima vya Kisii hakuugeuza tena.

Siku ya mkutano wa pili ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Nilisoma nilichokiandika, tarakimu za propela kwanza, kisha za jeti, kila moja kwa kiti. Nilisoma na yale ya chini ya mstari: utulivu, mwendo, upepo wa mbele, na kwamba jeti iliyojaa inapunguza tofauti. Sikuruka hata moja. Nilikuwa sijakaa bado mtu mmoja aliposimama.

"Mwalimu ana shamba pale! Angesema nini kingine?"

Watu wakaanza kunung'unika. Mzee Ombati akanyanyuka, akaweka kofia kifuani kama siku ile ya kwanza.

"Mimi nilitaka jeti," alisema. "Hata leo naitaka. Nimeipanda. Haitetemeki, haina kelele, ukiwa ndani unajiona mtu. Msidhani nimegeuzwa." Akangoja wanyamaze. "Lakini niliona kwa macho yangu mshale wa mafuta. Niliona jeti ikimaliza kupanda na papo hapo ikianza kushuka. Nilizunguka juu ya ziwa nikisikia kwamba hatuwezi kungoja mvua ipite, kwa sababu ya mafuta. Sasa niambieni: hiyo kampuni ikichoka kuchoma mafuta hayo na viti ni vitupu, itaondoka au itabaki? Na sisi mgonjwa wetu tutampandisha nini, lami?"

"Na watu wakitucheka kwamba tulipewa jeti tukachagua mapanga?" Bwana Jayanti aliuliza. Nadhani aliuliza makusudi.

"Wacheke," mzee alisema. "Nataka ndege itakayokuja na kesho ije tena."

Yule mjumbe wa tai nyekundu alisema maneno mengi baada ya hapo, lakini nusu ya ukumbi ilikuwa imeshaanza kuzungumza yenyewe. Mikono ilipoinuliwa, walioitaka propela walikuwa wengi zaidi, si kwa wingi wa kujivunia, lakini wa kutosha. Kamati ikaamua kiwanja kibaki na urefu wake, nyasi zifyekwe, mashimo yafukiwe, na itafutwe kampuni yenye ndege ndogo ya propela. Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka mara moja. Ilichukua muda mrefu, barua nyingi na safari za Bwana Jayanti kabla ndege ya kwanza kuja, na kuna misimu ilikuja na misimu haikuja. Ila ilipokuja ilitua kwenye nyasi zetu kama zilivyokuwa, na kati ya abiria wa kwanza kuondoka nayo palikuwa na mgonjwa kutoka Magwagwa, akisindikizwa na mzee mwenye Biblia mkononi.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekifundisha kila mwaka tangu hapo. Mashine haisifiwi kwa kile inachoweza katika siku yake nzuri. Inaulizwa itafanya nini katika safari unayoihitaji wewe. Na ukitaka jibu hilo, nenda na mtu asiyekubaliana nawe, kisha nyote wawili mwitazame saa ile ile ya mafuta.

Mkutano ulipokwisha jua lilikuwa bado liko juu. Nilienda Suneka kwa miguu nikiwa na viatu mkononi, kwa matope. Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, na kando yake gunia la mbegu za mahindi likiwa bado limeshonwa mdomo. Majirani wote walikuwa wamekwisha kupanda, mahindi yao yameanza kuchomoza. Shamba lake peke yake lilikuwa jekundu, limelimwa tayari, halina kitu. Hakuwa ameniambia.

Alinitazama nikija mpaka nilipofika karibu. Hakuuliza nani alisema nini, wala ndege ipi ilishinda.

"Nipande?" aliuliza.

"Panda, mama."

Akavuta uzi wa gunia, akanipa jembe.